Jinsi Mwinyi Tidwald Alivyoliokoa Daraja la Ashwell

Sogeeni, waungwana kwa watwana, mwanyamazishe hata mbwa wenu, niwasimulie habari za Tidwald mwana wa Tidbeorht, simba wa ufalme wa Mercia, mwinyi wa ardhi ya kulisha familia tano, mwenye kanisa lake, jiko lake, na lango lenye kengele, vitu ambavyo asipokuwa navyo mtu hubaki mkulima tu hata anenepe vipi.

Ardhi hiyo alipewa na mfalme kwa masharti matatu: aende vitani, ajenge ngome, atunze daraja. Vita havikutokea. Ngome waliijenga wengine. Likabaki daraja la kijito cha Ashwell, ambalo ubao wake wa katikati ulikuwa umeoza na kuchukuliwa na maji. Asubuhi moja ya mavuno habari zikafika kwamba liwali wa mfalme yuko njiani, yule yule aliyemnyang'anya jirani ardhi kwa ajili ya daraja bovu.

Tidwald akajifunga upanga, akaamuru watu wake waitwe. Mkewe, Leofrun, akamkumbusha kuwa wote wako kondeni wakimvunia shayiri, na ni yeye mwenyewe aliyeapa kumchapa atakayeinua mgongo.

"Basi nipatie ubao," akanguruma.

"Ubao uliobaki, bwana, ni huo unaoukalia."

Shujaa akaruka wima. Benchi lile la mwaloni, mbele ya ukumbi, hakulikalia mtu ila yeye, na babaye kabla yake.

"Leofrun, nikiliondoa hili, nitatofautianaje na mchunga nguruwe?"

"Na ardhi ikienda, utalikalia wapi? Njiani?"

Ndipo akajitwika benchi begani, akashuka nalo bondeni kama abebaye jeneza la mfalme, akaingia majini hadi kiunoni, akaling'oa miguu, akalilaza juu ya pengo na kulipigilia vigingi kwa kitako cha upanga. Na upanga ule, ambao haukupata kuonja damu, siku hiyo ukaionja: ya kidole gumba chake.

Liwali akavuka bila kutazama chini. Ng'ambo akageuza farasi, akasema daraja ni imara, akauliza fundi ni nani.

Tidwald, matope yakimchuruzika ndevuni, akaona aibu ya mwinyi kushika kazi.

"Watu wangu," akajibu.

Jioni wavunaji wakarudi migongo ikiwauma, wakapewa uji. Mwinyi hakuwa na pa kukaa, na chini hakai mwinyi, akasimama. Naye bwana akisimama, hakuna mtu wa kuketi. Mpiga kinubi wake akaimba jinsi Tidwald alivyoushinda mto peke yake kwa upanga, tangu kuzaliwa kwa babaye hadi kigingi cha mwisho, na wavunaji wakausikiliza wimbo wote wakiwa wima, bakuli mkononi. Ulikuwa wimbo mrefu.