Dakika Nne za Solo

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa bendi, studio, saa nne. Nimefika wa kwanza na kukalia kiti chenye mto. Mwimbaji wetu ametangaza kwamba albamu ya tatu haitakuwa na kelele. Zile mbili za kwanza tulikuwa vijana, kasema, tuna hasira na hatujui tunamkasirikia nani. Sasa tumekua. Anataka sauti ya watu waliokaa chini wakafikiri. Nimemuuliza roki ya kukaa chini ndiyo ipi hiyo. Akasema ndiyo tunayokwenda kuitafuta.

Kuna mtu mpya pia: mpiga kinanda, binamu yake Mwimbaji. Anavua viatu mlangoni. Anabonyeza kitufe kimoja, anafumba macho, na chumba kizima kinangoja ayafumbue.

Orodha imebandikwa ukutani. Nyimbo kumi. Gitaa langu lipo kwenye wimbo mmoja tu, wa saba. Noti tatu! Nimehesabu mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Bendi hii niliianzisha mimi. Jina la Radi Kavu nililitoa mimi, nikiwa naoga. Na nina solo ya dakika nne, gitaa peke yake, niliyoitunga kwa miaka miwili, nikiipiga kila asubuhi nyuma ya pazia kwenye duka la dada yangu la kushonea, ambako ndiko ninakolala. Isipoingia kwenye albamu hii haitaingia popote. Nina miaka arobaini na moja. Naogopa, lakini usoni sikuonyesha kitu.

Nilimtegemea Nyundo apinge. Nyundo ndiye mpiga dramu wetu, mtu aliyewahi kupasua ngoma mbili katika wimbo mmoja. Amepewa kiberiti akitikise taratibu. Ameridhika! Anasema kiberiti kina mambo mengi ukikisikiliza.

Jumanne, 4 Machi

Nimekata shauri. Watu wenyewe ndio watakaosema. Wateja wa dada hukaa benchini wakingoja kupimwa, hawana la kufanya, na wote wananisikia nikifanya mazoezi. Nimempa dada karatasi na kalamu awaombe waandike maoni yao kuhusu gitaa langu. Dada akauliza kama nina hakika. Nikamwambia yeye ashone, muziki aniachie mimi. Akasema sawa, ila chai inapoa.

Hadi jioni zimepatikana karatasi kumi na mbili! Nimezitia kwenye bahasha na kuibana kwa gundi bila kuzisoma, ili nikiulizwa niweze kuapa kwamba sijaziona. Mambo haya yanataka akili.

Jumatano, 5 Machi

Heri ningezisoma.

Mwimbaji kaichana bahasha mbele ya wote na kuanza kusoma kwa sauti. Wa kwanza aliomba yule bwana wa nyuma ya pazia apumzike kidogo, kwani kwa ajili yake fundi hakusikia kipimo cha kiuno na suruali imekuja ya mtu mwingine. Wa pili aliuliza kama naumwa. Wa tano alidhani ni cherehani, akashauri itiwe mafuta. Karatasi moja tu ilikuwa ya sifa, na ilisifu mikono ya dada katika kutia zipu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Mwimbaji alisimama akanikumbatia! Akasema tangu aanze kazi hii hajamwona mwanamuziki anayekwenda mwenyewe kuuliza makosa yake, kisha akayaleta kwa wenzake bila kuficha hata moja. Huo ndio ukuaji anaousema kila siku. Wote wakapiga makofi. Ya mpiga kinanda hayakutoa sauti. Halafu, kwa kuheshimu maoni ya wananchi, noti zangu zimepunguzwa zikawa mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimemwendea mpiga besi. Tunamwita Mpole, na nilimwona ni mtu wa kushikika. Nimemkalisha kwenye ngazi za studio nikamweleza kwa saa nzima jinsi tunavyopelekwa pabaya, na jinsi kinanda kile kinavyonguruma kama friji bovu. Aliitikia kwa kichwa toka mwanzo hadi mwisho. Nikaona kazi imekwisha. Nilipompa mkono tukubaliane, alichomoa vidude masikioni akaniomba radhi, alikuwa anasikiliza wimbo wa tatu. Anasema kinanda kimekaa vizuri sana humo ndani.

Ijumaa, 7 Machi

Siku kubwa!

Wenzangu huenda kula saa saba na kurudi saa nane. Fundi mitambo hubaki akila mezani pake. Nimemwambia nataka kurekodi zile noti zangu mbili faraghani, maana mbele za watu naona haya. Akanionea huruma. Akaniwekea wimbo wa saba, akaniambia nichomeke waya wa gitaa tundu la kushoto na maikrofoni ya Mwimbaji nisiiguse, akawasha mitambo, kisha akatoka kwenda kutafuta chumvi.

Kushoto kwake au kwangu? Hakusema, na alikuwa ameshaondoka. Nikatazama taa. Tundu moja lina taa nyekundu, la pili kijani. Maikrofoni nayo nyekundu. Albamu zilizopita tulirekodia gereji, hatukuwa na taa wala matundu, lakini kijani ni kwenda na nyekundu ni kusimama. Hilo hata anayevuka barabara analijua. Nikachomeka kwenye kijani.

Hedifoni sikuvaa. Zinanibana masikio, na solo yangu naijua hata usingizini. Amplifaya yenyewe imefungiwa chumba cha pili isisumbue mtu. Nikapiga. Dakika nne! Sijapata kupiga vile tangu nizaliwe. Nililala chini, nikainuka, nikaangusha kiti, sikujali. Mwishoni machozi yalinitoka, na ni haki yangu.

Nikampigia dada simu, nikaiweka spika kwa sababu mikono ilikuwa imelowa jasho. Nikamwambia nimeshaiingiza, watakaporudi watasikia na hawatakuwa na la kusema. Nikamweleza habari za kinanda na za kiberiti, na mengineyo ambayo hayana haja ya kuandikwa hapa. Fundi aliporudi na chumvi yake alinikuta nimekunja miguu natazama dari.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao cha kusikiliza. Nimevaa shati ambalo dada alilishona kwa ajili ya mteja ambaye hajalifuata. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, zote pumzi na kiberiti. Nimevumilia. Ukafika wa saba.

Gitaa hakuna. Kumbe taa ya kijani maana yake tundu halitumiki, na nyekundu maana yake linarekodi. Nani aliyepanga hivyo! Kilichosikika ni mtu anahema. Anahema, anaguna, viatu vinaburuta, kiti kinaanguka. Dakika nne nzima. Halafu ikaja sauti yangu, safi kabisa, ikimwambia dada kwamba hawa watu wanajifanya wamekua, kinanda ni friji bovu, na Nyundo wamemgeuza mwasha jiko. Nyundo alikuwa amekaa kando yangu. Nikajitia hamnazo, nikauliza huyo ni nani.

Ingeishia hapo ningeshukuru. Sauti ikaendelea. Ikasema naogopa. Wenzangu wanajua wanakokwenda, mimi ninachokijua ni kelele, na kelele ikiondolewa sijui nitabaki na nini. Ikasema Mwimbaji anaimba vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, ila asiambiwe, atavimba kichwa. Kisha kamasi zikapengwa. Kisha dada, kwa mbali, kwenye spika ya simu:

"Umekula?"

"Bado, dada."

"Basi njoo ule, mdogo wangu. Hayo mengine hayakimbii."

Nikaupima mlango kwa macho. Hatua saba. Nilikuwa nimeshainua kisigino Mwimbaji alipomwambia fundi airudie. Ikarudiwa. Akasema irudiwe tena. Mara ya tatu mpiga kinanda alisogea bila viatu, akabonyeza kitufe chake kimoja chini ya sauti ya dada, na Nyundo akaanza kutikisa kiberiti, na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikashika kichwa nikalia mbele za watu. Mwimbaji alikuwa ameshaanza kabla yangu. Amesema wamehangaika wiki nzima kuitafuta sauti ya albamu hii, kumbe ilikuja studio wakati wao wamekwenda kula.

Simu yote inaingia. Ndiyo wimbo wa saba. Zile noti mbili nitazipiga tena chini yake. Kuhema kumekatwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Albamu imetoka wiki iliyopita. Watu wanapiga simu redioni wakiomba wimbo wa saba. Nilitembea kifua mbele siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kwamba anayeombwa si mimi. Ni dada!

Wanakuja dukani. Wanasimama mlangoni na suruali ambazo hazina tatizo lolote, wanangoja aseme. Leo amekuja bwana mmoja aliyesafiri saa sita. Dada hakumjua, akadhani ni mteja wa kawaida, akamwona amechoka, akamuuliza kama amekula. Yule bwana alifuta macho akaagiza suti. Mimi nilikuwa pale pale nyuma ya pazia, na gitaa mkononi, na hakuna aliyeuliza habari zangu. Nilikohoa mara mbili. Nakiri kwamba nina kijiba cha roho, tena kwa dada yangu wa tumbo moja, anayenilisha.

Mwimbaji amemwalika apande jukwaani siku ya uzinduzi. Nimemwambia dada kwamba huko kuna joto kali, na taa zake zinaharibu macho ya watu wanaotunga uzi. Amesema atavaa miwani.

Jumamosi, 12 Aprili

Uzinduzi, saa tisa alasiri. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama. Dada aliwekewa kiti katikati ya jukwaa, akakaa na utepe wake wa kupimia shingoni kwa sababu alisahau kuuvua. Mimi nilipewa mkeka chini, miguuni pake. Nikasema maneno yangu ya siku ile, na katikati ya maneno nikapiga zile noti mbili. Ukumbi ulitulia kabisa. Nilizisikia zote mbili zikienda hadi ukuta wa nyuma. Sikuwa nimewahi kusikia noti yangu ikifika mahali.

Baadaye Nyundo alinipiga bega akasema mwasha jiko ni cheo, yeye hana kinyongo. Hata mpiga kinanda alinishika mkono, akasema friji lake limepoa. Nadhani ulikuwa mzaha. Mwimbaji akanivuta pembeni. Akasema hivyo ndivyo alivyotaka gitaa langu tangu mwanzo ila hakujua namna ya kunieleza nisikasirike. Albamu ya nne itaanzia hapo hapo, akasema, na mimi nikiwa katikati, nikipenda. Nilifurahi. Nilifurahi sana. Naandika hivi ili nisije nikakana.

Jumapili, 13 Aprili

Nimelitafakari lile neno lake, nikipenda. Mtu hakwambii ukipenda kama hakuhitaji. Wananihitaji! Sasa ndio wakati wa kuwabana.

Nimeandika barua ya kujitoa kwenye bendi. Kurasa mbili. Sijitoi, bila shaka. Mwimbaji ataisoma, atashtuka, atakuja mbio kunibembeleza, na hapo nitatoa sharti langu moja tu: dakika nne, waya umechomekwa, amplifaya hadi mwisho. Nimeandika kwamba najitoa kuanzia leo, na uamuzi huu haubadiliki, ili aogope sawasawa. Nimeongeza kwamba wimbo wa saba nawaruhusu wautumie milele bila mimi, waone nilivyo na moyo mkubwa.

Dada amesoma juu ya bega langu. Ameuliza, je, wakikubali? Nimecheka hadi nikakohoa. Watakubalije? Sauti yangu iko kwenye albamu, kila wakiipiga wananisikia. Na yeye mwenyewe wameshamzoea, Mwimbaji amemwomba awe anakwenda nao kila onyesho. Hawawezi kwenda popote bila sisi.

Kesho saa nne dada ana mazoezi nao. Nimempa barua awapelekee.