Bufee ya Kata ya Tisa

Ndugu Makamu Mwenyekiti, ambaye ana udhuru. Ndugu mlinzi wa geti. Akina mama wa chama cha akiba. Wazee wangu mliokaa ukutani, na kila anayestahili kutajwa ajihesabu ametajwa. Na mimi mwenyewe, Mheshimiwa Khadga Bahadur Basnet, Mwenyekiti wa Kata, mbunifu na mlezi wa maendeleo yote ya bonde hili: namaste! (Makofi ya watu watatu.)

Nimesimama mbele ya uzio huu wa mabati, ambao nyuma yake mwaka juzi palikuwa na vijaruba vya mpunga na leo ni Eneo la Kimkakati la Hoteli ya Kasino ya Nyota Tano, nikiwa na ufunguo wa geti mfukoni, kuwaarifu kwamba mchakato shirikishi wa upembuzi yakinifu wa bufee umefikia asilimia tisini na nne! (Bibi Asamaya Duwal, mwenye kijaruba cha kwanza: “Fungua geti, wewe! Leo tarehe kumi na tano ya Asar, siku ya kupanda. Miche inaninyaukia!”)

Nakusikia, Bibi yangu. Naiona miche yenu vikapuni. Lakini tutawaza mpunga mpaka lini? Kwenye bufee, ndugu zangu, hupakuliwi kama mgonjwa. Unashika sahani mwenyewe, unapita mbele ya kondoo mzima, momo za mvuke zilizojazwa nyama za kila namna, kaa wa baharini, sisi ambao bahari hatujawahi kuiona hata kwa mbali, na chokoleti inabubujika usiku na mchana wakati bomba letu la kata halijatoa tone tangu sikukuu ya Dashain. Utafiti huo nimeufanya mwenyewe, kwa kujitolea, katika hoteli moja ya mjini, mpaka vifungo vya koti vikakatika. Na siri nawapa bure: msianze na wali. Wali ni mtego wao! (Kicheko.)

(Sauti: “Na sisi tutakula lini?”) Swali zuri sana. Kwa mujibu wa sheria, raia wa nchi hii haruhusiwi kuingia kasino, na mlango wa bufee unapitia kasino. Hivyo wananchi mtanufaika kwa njia ya harufu, ambapo kila kaya itanusa walau mara mbili kwa wiki, kutegemea upepo. (Sauti: “Kwani wewe si raia?”) Mimi huingilia jikoni, kwa niaba yenu. (Miguno.)

(Bibi Asamaya: “Mwaka jana wajukuu zangu walikula mchele wa dukani, mimi mwenye shamba! Niliona aibu hata kuwapakulia. Mwanangu, mvua hainisubiri.”)

Uchungu wako umepokelewa, Bibi, na utaundiwa kamati. Bufee kwanza! Kasino kwa wote! (Sauti: “Wasioruhusiwa!”)

Nikielekea ukingoni, namshukuru binamu yangu aliyetuazima mabati. Namshukuru mwenye duka la kalenda, ambaye picha yake ya mwezi wa Mangsir ndiyo hoteli mnayoiona kwenye bango hili. Namshukuru mwekezaji, ambaye tutamtaja jina mara tu atakapopatikana. Na namshukuru mlinzi mpya wa hoteli ile ya mjini, aliyenitoa jikoni jana kabla sijashika sahani. Ndiyo maana mnaniona nayumba kidogo, kwani bufee huendewa na tumbo tupu, na mimi sijatia kitu mdomoni tangu juzi. (Bibi Asamaya anafunua sufuria yake: mtindi na pepeta, chakula cha siku ya kupanda.)

Bibi Asamaya... hicho ni cha wageni rasmi? (“Cha wanaopanda. Lete ufunguo.”)

Ofisi yangu haitishwi kwa mtindi, mama! Ofisi hii ina taratibu, ina ngazi, ina... Huo ni wa nyati? (“Wa nyati. Wa jana usiku.”)

Haya, shika ufunguo. Na sukari usinibanie.