Mafuta ya Parachichi Kwenye Breki

Jumatatu, 12 Mei 2025

Breki za mbele zimeanza ukorofi. Nabana mkono wa breki, unaingia mpaka kwenye usukani, pikipiki inaendelea na safari zake. Za nyuma zilikufa zamani, sizihesabu. Mvua, tope, mteremko wote wa Matwebe, na mimi juu ya pikipiki ya matairi manne, ya pekee kijijini! Nimesimama kwa msaada wa mgomba wa jirani.

Esnath, mke wangu, hana huruma. Kila nikipita ananikumbusha kwamba ng'ombe wake, mtamba Malkia, tena mwenye mimba, nilimpa Lugano ili nipate chuma hiki. Leo katoa amri. Jumamosi nimpeleke kijiji cha Suma, kwenye harusi ya mdogo wake Tulia, afike mzima na gauni safi. Nikishindwa, chuma kinarudi kwa Lugano na Malkia anarudi zizini. Lugano ameshakubali. Haraka mno, huyu.

Jumanne, 13 Mei

Lugano ni fundi pikipiki kule Makandana. Kapita asubuhi, hakuitwa. Akabonyeza mkono wa breki, akasema upepo umeingia na mafuta ya breki yamepungua. Nimpelekee, autoe. Akaonya nisithubutu kumimina kitu kingine mle. Nikamjibu kwamba sayansi nimesoma mpaka kidato cha pili. Akacheka. Mbele ya mke wangu! Simpelekei ng'o.

Uchunguzi wangu mwenyewe: pedi za breki zimelowa tope. Nimezifungua, nimezikausha jikoni kwa Esnath, kando ya sufuria ya ndizi. Ndizi zimenuka pedi. Tumekula hivyo hivyo. Breki vilevile.

Jumatano, 14 Mei

Nimefikiri sana. Mafuta ni mafuta! Ya breki yapo dukani, lakini mwenye duka ni shemeji yake Lugano, habari zingefika Makandana kabla sijatoka mlangoni. Na Rungwe yote hii imejaa parachichi! Esnath hukamua mafuta yake ya nywele, chupa nzima ilikuwa kabatini. Nimemimina kwenye kile kikopo cha mafuta ya breki, pale usukani, nikapampu mpaka mapovu yakaisha. Mkono ukawa mgumu, mtamu! Nimeteremka hadi darajani, nikasimama pale pale nilipotaka. Nikapiga honi, ingawa hapakuwa na mtu.

Esnath anatafuta chupa yake. Nimesema labda panya.

Ijumaa, 16 Mei

Sasa breki zimeng'ang'ania. Tairi za mbele hazizunguki kabisa. Mipira ya ndani ya breki imevimba, hilo nakiri, ila imevimba kwa sababu ni mipira dhaifu ya Lugano. Nimelegeza nati ya chini, mafuta yakatoka, tairi zikazunguka. Tatizo limekwisha. Mkono umelegea tena kidogo, lakini nani anakwenda harusini kwa mbio?

Jumamosi, 17 Mei

Aibu, lakini naandika.

Tumetoka asubuhi, Esnath nyuma yangu na gauni la zambarau. Kwenye mteremko wa mashamba ya chai nikabana mkono. Hakuna kitu. Nikapampu. Hakuna. Na mbele yetu, katikati ya njia, anapanda baba yangu!

Kwetu mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Tangu tuoane, Esnath hajamtazama mzee usoni. Wakikaribiana, mmoja anajificha. Mzee alipomtambua nyuma yangu, hakukimbilia pembeni. Akasimama pale pale, akatugeuzia mgongo, akajifunika kwa mwavuli. Heshima imeziba njia! Nikapiga kelele. Akauinamisha mwavuli zaidi.

Esnath akarukia kwenye chai. Mimi nikakata kona, nikampita mzee begani, nikazama kwenye lundo la samadi hadi kiunoni.

Esnath haonekani. Niliogopa kweli. Nikapangua samadi, nikitafuta zambarau kwenye chai. Kisha chai ikatikisika, Esnath akaniita kwa jina la binti yetu:

"Baba Winfrida, mimi mzima. Gauni ndio basi."

Nusura nilie. Mzee, bado kajificha nyuma ya mwavuli, akasema:

"Mwambie mkwe wangu, leo Malkia analala zizini kwake."

Nikamwambia. Akajibu toka kwenye chai:

"Mwambie baba, ndaga fijo."

Nikapeleka shukrani. Wanasikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lipitie kwangu, mimi niliyezama samadini! Esnath kaenda harusini kwa bodaboda, na gauni la kuazima. Lugano kaja kuvuta chuma.

Jumapili, 18 Mei

Malkia yupo zizini. Kanenepa. Lugano kapita mbele ya kanisa juu ya pikipiki yangu, kabana breki, kasimama bila kuteleza. Makusudi. Anasema kaweka mipira mipya na mafuta ya breki, basi. Bahati tu.

Esnath anaimba jikoni. Kaniomba kitu kimoja, nisimguse Malkia mpaka azae. Sawa. Nimempima mabega tu kwa kamba, akiwa amelala. Nyuma ya nyumba kuna magurudumu ya toroli bovu, na mbao zipo. Mkokoteni hauna mipira ya kuvimba. Na ng'ombe ukitaka asimame, unamwonyesha majani. Majani ninayo. Akishazaa tu, nitaanza na ule mteremko wa chai, siku Esnath akienda sokoni.