Mfalme wa Kopa na Zamu ya Mashine

Jumatatu, 7 Julai 1997

Sabasaba. Wenye kazi za ofisini wamepumzika. Kahawa haijui sikukuu, imeiva yote kwa mpigo. Mashine ya kumenyea ni moja, kaya ni nne: yangu, ya jirani yangu Severini, ya Ambilikile ambaye mashine inalala kwake, na ya mama mkwe wangu Ketrina. Kila mtu anataka aanze Jumamosi. Severini kasema mwaka jana ni mimi, Osea, niliyeanza. Ni kweli, lakini kulikuwa na haja gani ya kulisema mbele za watu?

Tumegombana mpaka Ambilikile akatoa wazo la karata. Mchezo unaitwa Mpakani, alijifunza Tunduma kwa madereva wa Zambia waliokwama na malori yao. Wawili kwa wawili, wenzi wanakaa uso kwa uso. Karata tisa tisa. Kila zikitua nne, mwenye kubwa anazila, huo ni mkono mmoja. Kabla ya kuanza, upande unanadi utakula mikono mingapi. Ukipungukiwa, umeshindwa. Mwenzi akitupa malkia nawe ukampandishia mfalme wa rangi hiyohiyo, kopa kwa kopa, ni jozi: haishindiki, na inahesabiwa mikono mitatu.

Watakaoshinda Ijumaa watatumia mashine kwanza, kila kaya siku moja. Nimekubali haraka. Hawa watu wananijua?

Jumanne, 8 Julai

Nimejifunza kwa Ambilikile. Kanifunga mara sita. Karata mbovu!

Basi nimetumia akili. Tumekubaliana ishara, mimi na yeye. Kukuna pua, nina mfalme. Kupepesa jicho, nina malkia. Kuvuta sikio, sina kitu. Siku ya kuchagua wenzi ni yeye atakayegawa karata za bahati, kwa hiyo atapanga tuangukiane. Nimemwahidi jogoo wangu mwekundu.

Nimefanya mazoezi wakati wa chakula. Mke wangu Getruda kaniuliza jicho lina nini. Kabla sijajibu kashaleta maji ya chumvi, kanimwagia.

Alhamisi, 10 Julai

Jicho bado linawasha.

Nilitegemea mama mkwe atamleta Deus, shemeji yangu, amchezee. Kasema atacheza mwenyewe. Severini kacheka sana, eti mambo yatakuwa matamu. Acheke tu.

Leo nimechuma kahawa yote ya shamba la bondeni. Debe kumi na nane! Getruda kasema haichumwi kabla ya kujua zamu, ikilala kwenye magunia inachacha. Nimemjibu zamu ninaijua. Kaguna. Mguno wa mama yake uleule.

Ijumaa, 11 Julai

Sijui nianzie wapi.

Tulikaa uwanjani kwa Ambilikile. Severini, kisha mimi, kisha mama mkwe, kisha Ambilikile. Karata nne za bahati alizipanga vizuri: nyeusi, nyekundu, nyeusi, nyekundu. Wa rangi moja wanacheza pamoja. Azungushe tu, basi, mimi na yeye tunapata nyekundu. Mtoto mdogo angeweza.

Kumbe mtu mwenyewe kalelewa vizuri! Akainuka, akaenda kwa mama mkwe kwanza, kwa mikono miwili, huku kapiga goti. Eti mkubwa hupewa kwanza. Akafuata Severini, kwa kuwa kanizidi umri. Halafu mimi. Nyeusi. Mimi na mama mkwe!

Miaka kumi na moja nimemwoa Getruda, sijawahi kumtazama mama yake usoni, ni mwiko kwetu. Sijawahi kupokea kitu mkononi mwake. Leo nikae naye uso kwa uso? Nikageukia banda la kuku. Yeye akageukia migomba. Kila neno lilipitia kwa Getruda, aliyesimama katikati kama mkalimani wa forodhani. Mama kasema tunadi minne. Nimejibu saba. Mwanaume hanadi minne.

Ishara ndizo zilizoniua. Nilijikuna pua kwa mazoea, na Ambilikile, ambaye sasa ni adui, akajua nina mfalme. Nikapepesa jicho linalowasha, akajua nina malkia, na malkia sikuwa naye. Hata hivyo tulifika mikono mitano. Jozi moja tu, tumeshinda.

Mama mkwe akatupa malkia wa kopa. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Mfalme wa kopa ninaye. Lakini nitapigaje karata yangu juu ya karata ya mama mkwe, mbele ya kijiji chote cha Ihanda? Mkono ulikataa. Nikaweka saba ya kopa, taratibu, kwa adabu. Severini akaweka ree, karata inayompita hata mfalme, akala. Mikono yote iliyobaki wakala wao.

Mama mkwe akageuka. Akanitazama usoni. Akaniita jina!

“Osea! Mfalme huyo unamfichia nani?”

Natamani ningefukiwa na maganda ya kahawa.

Jumamosi, 12 Julai

Severini anazungusha mashine huku anaimba nyimbo za kwaya. Magunia yangu yamepata joto, yananuka pombe. Getruda kasema kwa aibu ya jana lazima jogoo aende kwa mama yake. Saa hiyohiyo Ambilikile kaja kumdai jogoo wake, eti alipanga karata kama tulivyoagana. Jogoo ni mmoja! Aliyempata ni mama mkwe.

Jumapili, 13 Julai

Mama mkwe kaniachia zamu yake ya Jumatatu. Yeye hakuchuma hata debe, alisubiri mashine ifike uwanjani kwake. Debe kumi zitapona. Nane nimezianika na maganda yake, zitauzwa bei ya takataka. Nilienda kushukuru nikiwa nimeinama. Nilikaribia kulia, nasema kweli.

Zamu za mzunguko wa pili zitachezewa Ijumaa ijayo. Safari hii ishara hazihitaji macho: kikohozi kimoja mfalme, viwili malkia. Nimemtuma Getruda akamfundishe mama yake.

Nimeanza kuchuma iliyobaki. Debe saba mpaka sasa. Kesho namalizia.