Hoteli Inataka Mke na Mume

Uvumi wenyewe ulinikuta napepeta mchele, na tangu siku ile haujanitoka kichwani: ati Chake Chake kuna bwana anatia watu kazini, mke na mume kwa pamoja, hoteli mpya, chumba bure, chakula bure, na asiye na ndoa asijisumbue. Nami nina binti niliyemuoza mwaka jana, na mumewe kila akila wali wangu huzungumza habari za kuhamia mjini. Ndiyo nikaandika. Wa kucheka na acheke, lakini asome mpaka chini.

Bwana huyo jina lake Hudhaifa. Shati limepigwa pasi hata ukosi unakata, simu mbili mkononi, moja nzima na moja ya kujipambia, na kwapani faili la plastiki ambalo ndani yake, Mungu anisamehe, mlikuwa na karatasi za matokeo ya mpira. Kazi yake ilikuwa kusimama. Wenzake wakenda ofisini, yeye akenda kusimama sokoni, akitazama nani ana haja ya nini.

Siku moja asubuhi alikuwa na habari hii tu: Mzee Kificho wa Ole karafuu zake zimeiva zote mara moja, na wachumaji hapati. Mara akaona kijana na mkewe wanashuka garini na godoro lililofungwa kamba, birika na jiko la mkaa. Hudhaifa akalitazama godoro, akaikumbuka mikarafuu, akaviunga viwili hivyo kama anayetia uzi kwenye sindano.

"Assalaam alaykum, wageni. Mwatoka wapi?"

"Wa alaykum salaam. Fundo," akajibu kijana. Huyo ni Abdulsamad, mvuvi. "Tumehamia. Twatafuta kazi, yoyote, mimi na mke wangu."

"Na mkikosa?"

"Tusikose," akadakia mkewe, Samiha. "Nyavu tumeshauza. Chumba tumelipia mwezi mmoja. Ukisha hatuna kazi, ni kurudi kwa mama mkwe na godoro kichwani, naye aliapa kuwa tutarudi."

Hudhaifa akafumba macho kama mtu aliyejibiwa dua. "Mmeoana kwa ndoa?"

"Kwani twafanana na nini?"

"Usikasirike, bibi. Kuna hoteli haitaki wahuni, yataka mke na mume tu. Lakini kuna usaili."

"Ndiyo nini?"

"Mtihani. Na hoteli ya kisasa haiulizi maswali, huangalia vitendo. Mke na mume wakichuma karafuu wiki tatu bila kununiana, hao hata mgeni akiwatapikia shuka watacheka naye."

Maneno matamu hayo, nani angeyatema? Kesho yake walikuwa Ole. Baada ya siku chache walifika jozi sita, kutoka Pujini na kwengineko, maana uongo mzuri hauhitaji nauli. Waume juu ya miti, wake chini wanazichambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, na Hudhaifa kivulini na faili lake, akiwatilia nyota wanaotabasamu. Kwa Mzee Kificho alijiita msimamizi wa wachumaji, na ujira wao wote akaupokea yeye. Hakutaka fedha. Alitaka karafuu kavu, aziweke chumbani mwake mpaka bei ipande.

Wiki ya tatu Mzee Kificho alipita shambani, akasimama chini ya mti wa Abdulsamad.

"Mwanangu, wachuma vizuri. Huyu Hudhaifa awalipa vyema?"

"Kutulipa? Mzee, sisi tuko kwenye mtihani wa hoteli."

"Hoteli ipi?"

"Ya mke na mume."

Mzee akakaa kitako papo hapo. "Mtume! Nishampa magunia matatu, ujira wenu!"

Abdulsamad alitaka kushuka na panga. Mwezi ulibakisha siku kumi, mfukoni hamna kitu. Samiha akamshika mguu pale pale kwenye ngazi. "Teremka polepole, twende Wete kwa shangazi yako. Nawe, mzee, usimwambie kitu."

Shangazi mwenyewe ni Bi Mwanawema, mjane, mchoma mikate ya mofa, ile ya unga wa mtama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu.

"Ana mke?"

"Hana."

"Basi niachieni."

Siku ya pili Hudhaifa yuko kwa kinyozi, akasikia ati ile hoteli inatafuta msimamizi mkuu, gari juu, lakini lazima awe na mke, na mwisho Ijumaa. Akacheka peke yake. Sokoni akasikia tena. Msikitini akasikia mara ya tatu, na safari hii ati yuko mjane Wete ameshaahidiwa nafasi hiyo, kapungukiwa mume tu. Yeye aliyeuzaa uongo kwa kinywa chake akaanza kujiuliza: au nilisema kweli bila kujua? Tamaa, wanangu, haina kumbukumbu.

Jioni hiyo yuko Wete, mlangoni mwa Bi Mwanawema. "Hodi!"

"Karibu. Mikate mingapi?"

"Nataka mke."

"Huo sichomi."

"Bi Mwanawema, wewe una kazi huna mume, mimi ni mume sina kazi. Taja mahari."

"Karafuu kavu. Magunia matatu, yafike kabla ya khutba."

"Matatu!"

"Marehemu alitoa mawili, naye alikuwa na mguu mmoja mbovu. Wewe miguu yote mizima."

Ijumaa magunia yalifika, na baada ya sala watu wakakaa. Hudhaifa akanyoosha mkono kwa walii, akainua macho, akamwona Abdulsamad. Bibi harusi hana baba wala kaka aliye hai, walii wake ni mtoto wa kaka yake.

"Yakhe," Hudhaifa akanong'ona, "huu nao ni usaili?"

"Ndiyo. Tabasamu, nikutilie nyota." Akaukaza mkono. "Nimekuoza shangazi yangu Mwanawema kwa mahari ya magunia matatu ya karafuu kavu."

Msikiti mzima unamtazama. Hudhaifa akasema, "Nimekubali," kwa sauti ya mtu aliyemeza mwarobaini.

Kisha ikaja fungate. Bwana harusi hukaa ndani siku saba, anakandwa, anakula, hatoki, ndiyo ada. Hudhaifa akala kuku akinenepa, akingoja siku ya nane aende hotelini. Huku nyuma, kwa mlango wa uani, karafuu zilitoka kwa baskeli, fungu kwa fungu, mpaka kila jozi ikapata jasho lake.

Siku ya nane akafungua stoo. Patupu.

"Mke wangu, karafuu ziko wapi?"

"Zipi? Mahari yangu? Nimetoa zawadi."

"Nitakuacha!"

"Niache. Talaka ni yako, mahari ni yangu. Hujui, kamuulize kadhi."

Mzee Kificho akawaajiri Samiha na Abdulsamad yeye mwenyewe, kwa mkataba ulioandikwa mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa, wamsimamie shamba. Kodi ya mwezi wa pili wameilipa. Hudhaifa naye hajaacha mke mpaka leo. Anapasua kuni za mofa, na wasemao wanasema anazipasua vizuri.

Basi wanangu mnaohama wawili wawili, jiepusheni na haya:

- Kazi inayokufuata stendi kabla hujaiulizia.
- Mtihani ambao ukiisha, shamba la mtu limekwisha chumwa.
- Tajiri asiye na jina, na ofisi isiyo na mlango wa kupiga hodi.
- Kuuza chombo cha kazi yako kabla hujaiona mpya kwa macho.
- Kumwachia mtu wa kati apokee ujira wako.
- Kuona haya. Ukidanganywa, sema siku hiyo hiyo, na uanze na jamaa zako wa kike.