Kamati ya Kuchagua Mashine ya Hazina

Kwa furaha kubwa, wananchi wa kijiji kimoja cha Kyerwa walitangaziwa kwamba maendeleo, yaliyotafutwa juu ya ardhi bila mafanikio, sasa yangetafutwa chini yake. Kamati ya Uteuzi wa Kifaa cha Kubaini Hazina Iliyofukiwa ilizinduliwa kwa sala, soda na hotuba ya Mwenyekiti Ndyamukama.

Hazina yenyewe ilijulikana: sanduku la rupia za Mjerumani. Mwenyekiti alikuwa ameota kwamba limo katika kibanja cha Therese, Mama Tuyizere, mjane ambaye migomba yake ilipendeza kuliko ya Mwenyekiti. Ndoto hiyo ilipitishwa na kikao bila kupingwa. Ikishachaguliwa mashine, migomba ing'olewe.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema Therese. "Wanangu watakula nini?"

"Marahaba, Mama Tuyizere. Watakula asilimia."

Bigirimana, mfanyabiashara kutoka Murongo, alizipanga mashine zake juu ya majani makavu ya mgomba.

"Hii ya kisahani kidogo ni ya sarafu zilizo karibu. Hii husikia hata punje ya dhahabu, ila kwenye udongo huu mwekundu hupiga kelele ovyo. Na hii ya masanduku mawili hubebwa na watu wawili. Vitu vidogo haina habari navyo, lakini husikia kitu kikubwa kilicho chini sana. Mnatafuta nini?"

"Vyote," alisema Mwenyekiti.

"Basi tuzijaribu juu ya chuma mnachojua kimefukiwa."

Mwenyekiti alichangamka. Chuma gani kingelishinda bomba la maji lililofukiwa chini ya usimamizi wake, kutoka chemchemi hadi shuleni? Taarifa yake alikuwa ameisoma katika mikutano mingi, hadi mwenyewe alishaanza kuyasikia maji yakipita. Maji tu ndiyo yalikuwa bado, yakimsubiri mgeni rasmi.

"Twendeni kwenye bomba!" aliamuru.

Mashine ya sarafu ilipitishwa. Kimya.

"Hiyo ya watoto," alisema Mwenyekiti.

Ya dhahabu ilipiga kelele ovyo juu ya udongo, ikaishia kukililia kifuniko cha soda.

"Ina tamaa ndogondogo."

Ya masanduku mawili ilitembezwa hadi shuleni na kurudi. Kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipokumbuka kwamba bomba hilo lilifukiwa kwenye taarifa tu.

"Mashine zote mbovu," alitamka. "Kamati inazikataa."

Bigirimana aliipitisha mashine kubwa juu ya bodaboda iliyolazwa kando ya njia. Ikapiga yowe hadi kuku wakakimbia.

"Mbovu, mzee?"

Therese akapiga goti kwa heshima. "Mwenyekiti waitu, mkubwa wetu, utusaidie sisi tusioelewa. Kama ni mbovu, migomba yangu iachwe. Kama ni nzima, bomba liko wapi?"

Mwenyekiti alitazama migomba, akatazama umati. Alikuwa hajawahi kukutana na ajenda ngumu namna hiyo.

"Ni mbovu," alisema kwa sauti ndogo. "Migomba ibaki."

"Mungu asifiwe!" alisema Therese.

"Asifiwe sana!" alidakia Nestory, mwalimu wa shule. "Kumbe bomba lipo, ni mashine tu hazilioni. Tulifukue kwa majembe tujue maji yamekwama wapi. Msaragambo, jamani, kila mtu na jembe lake!"

Kijiji kizima kikaitikia. Na kwa kuwa kwenye msaragambo kiongozi ndiye hupiga jembe la kwanza, Therese alimkabidhi Mwenyekiti jembe lake kwa mikono miwili.

"Taratibu tu, baba," alimwambia. "Usije ukalitoboa bomba."