Jinsi Abdulkadiri wa Koyama Alivyoliteka Gari Lisilonuka

Sogeeni, enyi wana wa pwani, kutoka Ras Kamboni mpaka Kudha, nanyi wa mitaa ya Kismayo mlioketi mkipoza chai. Kohoeni sasa mmalize, maana nikishaanza sitaki mchu wa kunikatiza. Na wewe pale unayepapasa simu, iweke chini, kwani simu ndiyo uwanja wa vita hivi. Nawaletea habari za Abdulkadiri bin Idris, mzaliwa wa Koyama, mkaazi wa Kismayo, fundi wa vyombo, mziba nyufa, mwenye nyundo ya ubao ambayo mashua zikiisikia hutulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Shujaa aliyetoka kwenda kununua gari la umeme lililotumika, kwa njia ya mtandao, akarudi na akili zake, au nyingi katika hizo.

Kila vita vina chanzo, na chanzo cha hivi ni pua ya mkewe. Mwanasiti binti Adnani, bibi wa heshima, haiwezi harufu ya petroli. Mafuta ya papa yanayopakwa vyombo, yenye kufukuza hata nzi, yeye huyavuta puani wala hakunji uso. Lakini bajaji ikipita tu roho humchafuka, na akipandishwa garini hafiki kona ya pili ila ametapika. Mkokoteni wa punda ulijaribiwa, ukamtegua kiuno. Kutembea, magoti yamekataa. Na binti yao Lubna, aliyeolewa Goobweyn nje ya mji, alikuwa amezaa mtoto wa kike, mjukuu wao wa kwanza, na mtoto huyo alikwisha kukaa, alikwisha kutambaa, na nyanya yake hajamshika hata mara moja. Mbona Lubna asimlete? Nililijua swali hilo litakuja. Lubna amerithi pua ya mamake.

Basi asubuhi moja Mwanasiti, baada ya kumbusu mjukuu ndani ya simu, alifuta kioo kwa ncha ya mtandio, akasimama, akanena.

"Baba Lubna! Nimekuzalia, nimekupikia, nimelala miaka na miaka ubavuni mwa mwanamume anayenuka papa, na sikusema kichu. Sitaki dhahabu. Sitaki nyumba ya ghorofa. Nataka kumshika mjukuu wangu kabla hajajua kunikimbia!"

Maneno hayo yalimchoma Abdulkadiri kifuani. Akainuka, akaiinua nyundo yake juu, akaapa mbele ya mkewe na mbele ya kuku waliokuwapo: "Ewe mama Lubna, nimesikia kuwa yapo magari yasiyokunywa petroli, yanayoota jua na kwenda zao kama mijusi. Sahani za sola ninazo juu ya karakana. Nitalisaka gari hilo popote lilipo, nalo litakufikisha Goobweyn bila kukuchafua roho, ama nisiitwe fundi tena!"

Akaingia mtandaoni kwa jina la vita, Radi ya Koyama. Lo! Langoni tu akasimamishwa. Soko lile lilimtaka kwanza athibitishe kuwa yeye ni binadamu, kwa kuchagua picha zote zenye bomba la zimamoto. Shujaa akazikodolea macho. Akaona kigingi kifupi chekundu, chenye kichwa, kimesimama kando ya njia. "Hiki ni cha kufungia kamba za meli," akasema kwa yakini ya mtu aliyefunga kamba maisha yake yote, akakiacha. Soko likamkatalia ubinadamu wake. Akaletewa picha nyingine, na nyingine, na kote vile vigingi vyekundu, naye akastaajabu ni bandari gani hiyo kubwa iliyo mbali hivyo na maji. Alipita siku alipochoka, akabonyeza kila kitu kwa ghadhabu.

Ndani akakutana na majeshi. Palikuwa na wauzaji waliojibu "Bado lipo" wakatoweka milele. Palikuwa na gari ambalo picha ya kwanza usukani uko kulia, ya pili uko kushoto. Palikuwa na bwana mmoja aliyeapa kuwa betri ni mpya, na alipoulizwa mpya kwa kiasi gani akatuma ua la waridi. Mwingine alitaka malipo kabla ya kusema gari liko nchi gani. Abdulkadiri akawa anakula na simu, anaoga na simu mlangoni, akiota ndotoni kuwa anauliza "Bado lipo?" na bahari nzima inamjibu "Limeuzwa jana."

Lakini kilichompiga mwereka hasa ni mila yetu wenyewe. Kwetu sisi, mjuavyo, chombo hakinunuliwi kikielea. Hupandishwa mchangani, kikalazwa ubavu, na mnunuzi akapita akikigonga tumbo ubao kwa ubao huku ametega sikio, kwa kuwa ubao mzima huitika na uliooza hunyamaza. Naye Abdulkadiri alikuwa amesoma mahali kwamba betri ya magari haya imo tumboni. Basi akawaandikia wauzaji wote, wa Dubai na wa Mombasa na wa Djibouti, ujumbe mmoja wa kifalme: "Assalaam alaikum. Lilaze gari ubavu, uligonge tumbo, unitumie sauti."

"Nililaze gari ubavu?" akauliza wa Dubai.

"Ndiyo, juu ya mchanga laini, lisichubuke."

Akafungiwa. Wa Mombasa akamfungia. Wa Djibouti alicheka kwa sauti, akamtumia kicheko hicho, kisha akamfungia. Shujaa wetu akabaki peke yake uwanjani, na machozi yalikuwa karibu, mimi siwafichi. Maana siku ile ile Lubna alikuwa amepiga simu kusema mtoto ameanza kusimama akishikilia ukuta, na Mwanasiti alikuwa ameingia ndani, na chai ya mumewe haikutiwa iliki.

Akatuma ujumbe wa mwisho, pale karakanani, akiwa ameketi juu ya pipa. Ulikwenda kwa muuzaji aitwaye Lulu ya Dubai, mwenye gari dogo jeupe. Na ajabu, Lulu akajibu kwa sauti, sauti ya mwanamke.

"Walaal, ndugu yangu, wote huniuliza rangi. Wewe ndiwe mchu wa kwanza kuniuliza tumbo. Kulilaza siwezi, sina nguvu hizo, lakini ngoja nijipenyeze chini yake na mchi wa kutwangia."

Kisha sauti nyingine ikaingia, mbichi, imetoka motoni. Abdulkadiri akaifungulia mpaka mwisho, akafumba macho. Ngo! Ngo! Ngo! Na nyuma ya mlio huo mtukufu, kwa mbali, mwanamume anafoka: "Toka! Toka we mbuzi mlaaniwa! Hiyo ni pamba ya kalafati, si chakula cha babako!"

Abdulkadiri akafumbua macho. Mbele yake, upande wa pili wa karakana, mwenzake Hamidi alikuwa akivutana na mbuzi, akiutoa mdomoni mwake uzi mrefu wa pamba ya kuzibia nyufa, na maneno yale yale yalikuwa hayajapoa hewani.

"Hamidi," akasema polepole, "umewahi kufika Dubai?"

"Dubai? Mimi hata Mogadishu sijafika! Mwondoe mbuzi huyu!"

Wakati huo Radi ya Koyama alikwisha kupanda juu ya pipa. Akashika ukuta wa karakana kwa mikono yake miwili, akajinyanyua, akachungulia kwa jirani. Chini ya turubai iliyokunjwa nusu palikuwa na gari dogo jeupe, na chini ya gari palitokeza miguu miwili yenye hina.

"Hodiii!" akanguruma.

Pakasikika kishindo, maana aliyekuwa chini alijigonga kichwa, na huo ulikuwa mlio bora kuliko yote. Akatoka Sumeya, muuza vitambaa, jirani aliyepanga nyumba ile tangu juzijuzi, na mchi mkononi.

"Wewe ndiwe Lulu ya Dubai?" akauliza Abdulkadiri kutoka juu. "Nimevuka bahari tatu kukutafuta, nimetukanwa kwa lugha nisizozijua, nimenyimwa ubinadamu, kumbe uko hapa nyuma ya choo changu!"

"Na wewe ndiwe Radi?" akajibu Sumeya, akijipapasa kichwa. "Basi shuka, ukuta ni wa kupanga. Kakangu alilileta kutoka Dubai, nami nikanakili tangazo lake vilevile. Nauza kwa sababu siliwezi. Halina sauti! Nikija watu hawasogei, mbuzi hawasogei, na nikishawagusa kidogo hunitukania ukoo mzima. Betri ni njema. Lichukue uende nalo, ukirudi ndipo tuzungumze bei."

Ndivyo ngome ilivyoanguka.

Na siku ya Ijumaa, baada ya sala, Mwanasiti akapanda. Alikuja na ndimu mkononi, mfuko wa plastiki mapajani, na shahada mdomoni. Abdulkadiri akaendesha kichwa nje ya dirisha, akipaza sauti "Simile! Simile!" badala ya ngurumo ya injini, na mji mzima ukampisha ukistaajabu. Nyuma yake kimya kitupu. Kona ya pili ikapita. Mji ukaisha, barabara ya mchanga ikaanza, na bado kimya, wala hakuthubutu kugeuka, kwa kuwa alimjua mkewe, naye hunyamaza hivyo kabla ya balaa. Akasoma dua zote anazozijua, akarudia.

"Mbona umesimama?" akauliza Mwanasiti.

"Tumefika, mama Lubna."

Akautazama mfuko, mtupu. Akanusa mkono wake, akanusa kiti. "Sikusikia kichu," akasema, kisha akalia waziwazi, mtandio usoni, wala hakuona haya.

Lubna akatoka mbio na mtoto kiunoni. Mtoto akamtazama mgeni huyu kwa muda mrefu, akanyoosha kidole, akamgusa pua kama alivyozoea kugusa kioo. Kumbe pua ni laini! Akaishika kwa mkono mzima, akavuta, na nyanya yake akaiacha ivutwe.

Basi na isimuliwe kisiwa kwa kisiwa, waambiwe waliopo na watakaozaliwa: Mwanasiti binti Adnani alitoka Kismayo mpaka Goobweyn kwa gari, na hakutapika.